Kula Kikoa na Jitu

Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Huku kwetu Tanga methali hii haikai vitabuni. Utaisikia Deep Sea, samaki wakinadiwa, kutoka kwa mvuvi anayemwendea tajiri wa chombo kuomba deni la nyavu lisubiri bamvua lijalo. Utaisikia kwa mama wa genge anayerudi kwa mkopeshaji yule yule aliyemsumbua mwaka jana, kwa kuwa mkopeshaji asiyemjua anamwogopa zaidi. Husemwa kwa kicheko kidogo, na ndani ya kicheko hicho mna hesabu nzito: jitu ni jitu na kula litakula, lakini hili linalijua jina langu, linamjua mama yangu, lilifika msibani kwetu. Litabakiza.

Nimeichagua iwe mlango wa tafakari ya wiki hii kwa sababu haitudanganyi. Haisemi kwamba zimwi limeokoka. Haisemi kwamba mnyonge na mwenye nguvu wamekuwa sawa. Inasema kwamba wawili wakijuana, kinachotokea baina yao hubadilika. Maandiko, kwa jinsi ninavyoyasoma, yanathubutu kwenda mbali kuliko methali, na tutafika huko. Kwanza tupite kwa bibi zetu.

Wengi wetu tuliokulia pwani tulilazwa na hadithi ya msichana na kombe lake. Wasichana walikwenda ufukweni kuokota makombe. Mmoja akapata kombe zuri kuliko yote, akaliweka juu ya mwamba lisipotee, kisha akalisahau. Njiani akalikumbuka. Akawaomba wenzake wamsindikize kulifuata, wakakataa, akarudi peke yake, akalikuta zimwi limeketi pale pale mwambani. Likamwambia aimbe. Sauti ikalipendeza, likamtia ndani ya ngoma, likazunguka naye vijijini likipiga ngoma inayoimba, na kila kijiji kikilikaribisha na kulipa chakula, mpaka likafika kwao na wazazi wakaitambua sauti ya mtoto wao. Nilipokuwa mdogo niliogopa zimwi. Sasa nikiisimulia huwafikiria zaidi wale wasichana wengine, ambao safari fupi ya kurudi pamoja iliwashinda.

Majitu mengi ya ngano zetu ni ya namna hiyo, yanawadhuru watu. Ila yapo mengine, na kwenye hayo ndipo pana funzo ninalolitafuta. Sisi Waanglikana wa pwani tuna sababu ya kuzijali ngano hizi. Edward Steere, ambaye kaburi lake liko nyuma ya altare ya Kanisa Kuu la Mkunazini, alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer. Akaketi na watu wa mji kusikiliza hadithi zao, na mwaka 1870, miaka minne kabla ya kuwekwa wakfu kuwa askofu, akazichapisha London, Kiswahili chake na tafsiri yake. Humpenda mtu huyu kila ninapokumbuka kwamba aliyetumwa kuhubiri alitenga saa nyingi za kusikiliza habari za paa, sungura na nunda.

Katika mkusanyo ule yumo Liyongo, na hapa nataka tukae.

Liyongo ni mtu, si zimwi. Ni mshairi na mpiga upinde wa pwani ya kaskazini, kule Pate, Shanga na Ozi, na Kipini, Mto Tana unapoingia baharini, watu huonyesha mahali alipozikwa. Lakini amesimuliwa kama jitu: kimo cha kupita kiasi, nguvu za kuutisha mji mzima, mwili usioingiwa na silaha za kawaida. Katika masimulizi aliyoyaandika Steere, Liyongo anaanza kama mtu anayewaudhi watu wa Shanga, mpaka wakafanya shauri la kumfunga. Katika utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 mambo yamegeuka. Mwenye kosa ni mfalme wa Pate, aliyeona sifa za Liyongo zikienea akaingiwa na hofu ya kunyang'anywa kiti. Jitu ni lile lile. Ukiuliza nani alianza, jibu litategemea umeketi baraza ya nani. Waliowahi kusuluhisha ndugu wanaogombea minazi ya urithi wanaijua hali hii.

Mfalme, anasimulia Kijumwa, aliwatuma Wasanye na Wadahalo, wawindaji wa msituni, wajifanye marafiki wa Liyongo. Wakamwendea wakasema na tule kikoa. Ninyi mnakijua kikoa: leo nalisha mimi, kesho wewe, kesho kutwa yule, mpaka zamu imzungukie kila mmoja. Huwezi kula kikoa na mtu usiyemwamini. Basi wakaenda kwenye mikoma, wakapatana kwamba kila siku mmoja wao apande na kuwaangushia wenzake makoma. Walikuwa wakiingoja zamu ya Liyongo, kwamba akiwa juu, mikono yake miwili imekumbatia shina, wote wamfume mishale. Zamu ikafika. Liyongo hakupanda. Alisimama chini, akavuta upinde, akayaangusha makoma kwa mishale hadi yakawatosha wote. Wale wawindaji wakarudi kwa mfalme wakasema hatumwezi.

Huenda alikuwa ameshainusa hila yao. Hata hivyo angalieni alichofanya. Alitimiza zamu. Alikuwa amekubali kuketi na watu ambao angeweza kuwatawanya kwa mkono mmoja, akala chakula chao cha porini, na siku yake ilipofika akawashibisha. Katika duara lile, asiyekivunja kikoa ni jitu peke yake.

Habari za kifungo chake zinajulikana pwani nzima. Chakula kizuri alichotumiwa na mama yake kililiwa na walinzi, yeye akabakiziwa makombo. Mama akaoka mkate wa wishwa akaficha tupa ndani yake, walinzi wakaudharau wakampa mfungwa. Usiku, watu wakiimba na kupiga ngoma nje, kelele za shangwe zikaifunika sauti ya tupa ikikata chuma, naye akatoroka. Steere naye ameandika jambo linalonigusa kuliko hata hila ya mkate, kwamba kila usiku watu walikwenda gerezani kusikiliza nyimbo za mfungwa, kila mmoja akimwita mwenzake waende wote. Mji uliomfunga kwa sababu ya kumwogopa ulikuwa ukifurahishwa na sauti yake kupitia mlango uliofungwa. Walikuwa karibu naye kiasi hicho. Mlango mmoja tu.

Hatimaye walimpata kupitia mwanawe. Kijana aliahidiwa kuozwa binti wa mfalme. Akamwuliza baba yake ni kitu gani kiwezacho kumwua, na baba akamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Akachomwa usingizini. Akazinduka, akachukua upinde wake, akaenda mpaka karibu na kisima, akapiga goti, akaupachika mshale na kuuvuta, akafa akiwa vivyo hivyo, uso kwa watu. Kwa muda wa siku tatu hakuna aliyethubutu kuteka maji. Mji mzima ukashikwa na kiu, ukimtazama kwa mbali na kudhani anangoja wa kwanza atakayesogea. Wakaenda kumwomba mama yake, yule yule ambaye vyakula vyake vililiwa mlangoni mwa gereza, aje amsihi mwanawe awahurumie. Mama akaja akamsihi. Mwili ulipoanguka ndipo walipojua kwamba muda wote ule walikuwa wakimwogopa maiti. Na kijana hakupewa alichoahidiwa.

Nimewahi kuona mitaa iliyokaa na kiu ya namna hiyo. Nyumba mbili zilizotumia kisima kimoja, au uchochoro mmoja, au ukuta mmoja wa choo, zikaacha kusalimiana kwa sababu ya neno ambalo mzee fulani alilisema, na mzee mwenyewe ameshakufa, na watoto wanaendelea kuzunguka njia ndefu.

Tanga tuna hadithi inayokwenda upande mwingine. Mwenyewe hakuwa jitu kwa kimo, lakini aliogopwa kama zimwi. Mbega alizaliwa nchi ya Ngulu, akaota kwanza meno ya juu, na mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, mtu wa kuleta maafa kwa jamaa zake. Katika siku zile wengi kama yeye waliuawa wachanga. Yeye aliachwa hai, akakua na kuwa mwindaji, lakini ndugu zake wakamtenga na urithi, naye akaishia porini na mbwa wake. Abdallah bin Hemedi l-Ajjemy aliyaandika haya katika Habari za Wakilindi, kitabu ambacho misheni yetu ilikichapa Msalabani, Magila, sehemu baada ya sehemu, karne ya 19 ilipokuwa ikiisha na ya 20 ikianza. Watu wa milima ya Usambara walikuwa wakisumbuliwa na nguruwe mwitu mashambani. Mbega akawaua nguruwe, na nyama akawagawia watu, nao wakampa vyakula vya shambani. Nyama ikashuka, unga ukapanda. Waliotangulia kumwendea walimwona ni mkarimu, wakawaambia wenzao, na kutoka hapo mambo yakaendelea mpaka wakamweka mtawala wao, na ukoo wa Wakilindi ukakaa Vugha kwa vizazi.

Sidai kwamba utawala wa Wakilindi ulikuwa mwema siku zote. Kitabu chenyewe kina vita na dhuluma za kutosha. Ninachokitazama ni ule mwanzo. Kaskazini palikuwa na jitu na watu chini ya mkoma, chakula kikatumiwa kuwa mtego. Milimani palikuwa na kigego na wakulima waliochoshwa na nguruwe, chakula kikawa chakula.

Niwape na ninachokijua kwa macho yangu. Katika kijiji kimoja cha Muheza nilichohudumia paliishi mzee mrefu mno, aliyemaliza nguvu zake kwenye mashamba ya mkonge. Alikuwa akiishi peke yake mwisho wa kijiji, mgongo umepinda lakini bado lazima ainame sana kupita mlangoni pake. Mikono yake ilikuwa mipana, imejaa makovu madogo madogo ya miiba ya mkonge, na macho yake mekundu. Watoto walimwita Zimwi, na wakubwa hawakuwakemea. Mnajua macho mekundu yamewagharimu nini wazee wa nchi hii. Kuna mikoa ambako bibi waliochomwa macho na moshi wa kuni kwa miaka hamsini wameuawa kwa kuitwa wachawi. Kwetu haikufika huko, lakini minong'ono ilikuwa imeanza.

Aliyeukata mnong'ono hakuwa mimi, wala hakuwa muumini wangu. Alikuwa mama mmoja wa Kiislamu, jirani wa nyumba ya tatu. Ramadhani ilipoingia alimtuma mjukuu wake wa kike kwa yule mzee na bakuli la futari, muhogo wa nazi, limefunikwa kwa kawa. Mtoto alienda akitetemeka, akaliweka bakuli kizingitini, akakimbia. Kesho yake akatumwa kulifuata. Kwa desturi yetu chombo cha jirani hakirudi kitupu, na mzee alikuwa na michungwa miwili nyuma ya nyumba. Akamkalisha mtoto kwenye gogo, akatoa kisu chake cha mkonge, akamenya chungwa taratibu, ganda likishuka zima bila kukatika mpaka likagusa mchanga. Mtoto akalitazama ganda, akamtazama mzee, akauliza kama anaweza kumfundisha. Nilipopita kwenye mfungo wa mwezi ule niliwakuta watoto wanne kwenye gogo lile, kila mmoja na ganda lake limekatika katika, na Zimwi akiwaonyesha namna ya kukishika kisu wasijikate. Bakuli lilikuwa limeshakwenda na kurudi mara nyingi.

Lazima sasa niseme upande wa pili, kwa kuwa najua methali yangu inavyotumiwa vibaya. Nimesikia wakubwa wa familia wakimrudisha mwanamke kwa mume anayempiga kwa maneno haya haya: huyo ndiye akujuaye, usiende kutafuta usiyemjua. Bibi zetu hawakuisema kwa maana hiyo, na ngano zao zina jibu. Sultani Majnuni, katika mkusanyo wa Steere, alikuwa na paka. Paka akaanza kula mifugo ya watu. Watu wakaja kushtaki, Sultani akajibu kwamba paka ni wake na mifugo ni yake. Akala mbuzi, akala ng'ombe, akala watu, na jibu likabaki lile lile. Siku alipowaua wana wa Sultani mwenyewe ndipo baba akatamka kwamba huyu si paka tena, ni nunda. Kiumbe kile kilizaliwa nyumbani na kila mtu alikijua. Kujulikana hakukumzuia nunda kitu, kwa sababu aliyekuwa na uwezo wa kumzuia alimwachia.

Kwa hiyo mama unayepigwa, neno la wiki hii si amri ya kurudi. Njoo kwa padre, nenda kwa mjumbe, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Liyongo aliogopwa kwa yale ambayo angeweza kufanya. Nunda alijulikana kwa yale aliyokwisha kufanya. Wanaochanganya hao wawili hufanya madhara mara mbili: humkimbia mzee wa watu asiye na hatia, kisha humfunika mkatili kwa kuwa ni wa kwetu.

Kanisa nalo lina jitu rafiki, mtakatifu Kristofa, ambaye baadhi ya madereva hutembea na sanamu yake na ambaye siku yake ni tarehe 25 Julai. Masimulizi ya kale yanasema alikuwa Mkanaani wa kimo cha kutisha, aliyekuwa akimtafuta bwana mkuu kuliko wote amtumikie. Mtawa wa jangwani akamwambia amtumikie Kristo kwa kufunga. Akajibu hawezi. Basi kwa kusali. Akajibu hajui. Mtawa hakumfukuza. Alimwonyesha mto uliokuwa ukiwaua wasafiri, akamwambia, kwa kimo chako na nguvu zako, kaa hapo uvushe watu. Na ni katika kazi hiyo, usiku mmoja, alimbeba mtoto aliyezidi kuwa mzito kila hatua, na huyo alikuwa Kristo. Nampenda yule mtawa. Tumezoea kuwaambia watu wakubwa kwa mwili, kwa sauti au kwa hasira wajikunje ndipo waingie kanisani. Yeye aliitafuta kazi inayohitaji mabega yale.

Tuje kwenye Maandiko. Wapelelezi waliotumwa na Musa walirudi wakasema wamewaona Wanefili, wana wa Anaki, na kwamba machoni pao wenyewe walijiona kama panzi, tena ndivyo walivyoonekana machoni pa yale majitu. Ni Hesabu 13, aya ya mwisho. Lakini someni sura nzima. Hamna mahali wanaposema waliongea na mwana wa Anaki hata mmoja. Walikata kichala cha zabibu, wakahesabu ngome, wakarudi. Hayo waliyodai kwamba majitu yanawafikiria waliyatoa vifuani mwao wenyewe, na kwa neno hilo taifa zima likalia usiku kucha.

Halafu Gathi. Tunaijua Gathi kwa mtu mmoja, Goliathi, mwenye urefu wa mikono sita na shubiri, na shule ya Jumapili huishia pale alipoanguka. Biblia yenyewe haikuishia pale. Daudi alipokuwa akiwindwa na Sauli alikimbilia Gathi, mji wa jitu aliloliua. Mara ya kwanza alilazimika kujifanya mwendawazimu ili atoke salama. Mara ya pili mfalme Akishi alimpokea akampa mji wa Siklagi, akakaa katika nchi ya Wafilisti mwaka mmoja na miezi minne. Hakukaa kwa unyofu, 1 Samweli 27 inaeleza alivyokuwa akimdanganya mwenyeji wake, na sioni sababu ya kumtetea. Lakini alikaa. Huenda alinunua sokoni kwao, akala mkate wao. Miaka mingi baadaye, sanduku la agano lilipoleta kifo njiani na Daudi akaogopa kuliingiza mjini, alilipeleka nyumbani kwa Obed-edomu, na Biblia inamwita Mgiti, yaani mtu wa Gathi. Likakaa miezi mitatu, na Bwana akaibariki nyumba ile.

Somo la jumuiya Jumatano hii ni 2 Samweli 15, kuanzia aya ya 13. Naomba kila nyumba ije na mzee mmoja, wa kwetu au wa jirani, Mkristo au Mwislamu, mwenye hadithi ya jitu lililomtendea mtu wema. Tutasikiliza hadithi kwanza, ndipo tusome.

Mtakuta hapo Daudi mzee anaukimbia mji wake kwa miguu, kwa sababu Absalomu mwanawe, damu yake mwenyewe, amejifanya mfalme. Watumishi wanapita mbele yake, na kati yao wanapita watu mia sita waliomfuata kutoka Gathi. Mkubwa wao ni Itai. Biblia haisemi kimo chake. Inasema tu ni mtu wa mji ule, mji ambao 2 Samweli 21 inahesabu wanaume wa uzao wa majitu waliozaliwa humo, mmoja wao akiwa na vidole sita kila mkono na kila mguu. Daudi anamsimamisha. Anamwambia arudi, yeye ni mgeni, ni mtu aliyetoka kwao, amefika kama jana tu, kwa nini atangetange na mfalme asiyejua aendako? Itai anaapa kwa jina la Bwana kwamba atakapokuwepo mfalme, iwe kwa kufa au kwa kuishi, naye atakuwa papo hapo. Daudi anamwambia apite. Naye anavuka, yeye na watu wake wote, na watoto wadogo wote waliokuwa pamoja naye.

Siku ya vita ilipofika, sura ya 18, Daudi aligawa jeshi mafungu matatu. La kwanza alimpa Yoabu. La pili alimpa Abishai, ambaye sura ya 21 inamtaja kuwa ndiye aliyeliua jitu lililotaka kumwua Daudi. La tatu alimpa Itai wa Gathi.